Mabaki ya ndege za vita yaandikwe kabla hayajayeyushwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno kuhusu mabaki ya vita, hasa vipande vya ndege na vya vyombo vilivyoshambuliwa na ndege, ambavyo hapa kwetu magharibi mwa nchi vinaendelea kuishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu bila mtu kuuliza vilitoka wapi. Suala hili limeanza kuzungumzwa Kigoma, nami nashukuru kwamba limeanza, ila mazungumzo yenyewe yamegawanyika pande mbili, na naona zote mbili zinaruka hatua. Upande mmoja unataka tuunde mfano wa ndege ya mwaka 1916 na kuusimamisha karibu na bandari ili watalii wapate cha kupiga picha. Upande wa pili unasema kwamba vile vilikuwa vita vya Wazungu, chuma ni chuma, na mwenye shida auze. Mimi ni fundi mstaafu wa karakana ya reli, nimefanya kazi Tabora na baadaye Kigoma. Ninachoomba ni kidogo kuliko huo mfano wa ndege lakini kina haraka zaidi: kila kipande kinachodhaniwa kuwa cha enzi hizo kiandikwe, kipigwe picha na kitunzwe kama kilivyokutwa, kabla hakijaguswa na msasa, rangi au moto.

Vijana wengi hawajui kwamba mji huu wa Kigoma ulipigwa mabomu kutoka angani wakati ambapo watu wengi duniani walikuwa hawajaona ndege kwa macho yao. Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza waliwaazima Wabelgiji ndege nne za majini aina ya Short 827. Zilisafirishwa kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, kisha zikapandishwa bara kwa treni na vyombo vya mtoni mpaka zikafika upande wa pili wa ziwa letu. Zilikuwa ndege za mbao na kitambaa, zenye injini ya Sunbeam ya nguvu za farasi 150, mabawa yenye upana wa zaidi ya mita 16 kutoka ncha hadi ncha, na maboya ya mbao ya kutulia majini mahali pa magurudumu. Hazikuwekwa kwenye ziwa Tanganyika lenyewe, kwa sababu mawimbi yangeyapasua maboya hayo. Zilifichwa kwenye ziwa dogo la Tongwe, upande wa Kongo. Yeyote aliyewahi kuvuka kwenda Kalemie wakati kusi inavuma, mwezi wa Juni au Julai, hahitaji kuelezwa sababu.

Shabaha yao ilikuwa meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Goetzen, ile ile ambayo leo sote tunaiita MV Liemba. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka kutoka Tongwe, wakavuka ziwa na kudondosha mabomu juu ya bandari ya Kigoma. Waliporudi waliripoti kwamba wameipata meli. Meli haikuzama. Iliendelea kuelea hadi tarehe 26 Julai, ambapo Wajerumani wenyewe, walipoona mji unaponyoka, waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi baada ya mafundi kuzipaka injini zake mafuta mazito ili zisiharibike. Siku chache baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Behaeghe hakuuona mwisho wa mwaka huo. Aliugua na kufariki huko Niemba, Kongo, mwezi Desemba. Waingereza waliiibua meli mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ndani yake limo swali ambalo karatasi peke yake haziwezi kulijibu: je, bomu lile liliipata meli au halikuipata? Ripoti ya rubani ni ushahidi, lakini rubani aliyekuwa juu ya bandari yenye bunduki, akiwa ndani ya ndege inayotetemeka, anaweza kuona moshi na maji yakiruka akaamini kwamba amegonga. Ushahidi wa pili ni chuma chenyewe. Bati la meli lililopata mshtuko wa mlipuko hujikunja kwa namna yake; ribiti zake, yaani pini za chuma zinazounganisha mabati, huvutwa na matundu yake kurefuka, na fundi aliyeliziba baadaye huacha kiraka ambacho umri wake unaweza kukadiriwa. Liemba ni meli ya ribiti. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli na reli na kuunganishwa upya hapa hapa Kigoma. Mipango ya kuikarabati imejadiliwa kwa miaka mingi na hata kufikishwa bungeni. Ombi langu kwa wote watakaohusika na ukarabati huo ni kwamba kila bati litakalokatwa lipewe namba, lipigwe picha pande zote mbili, na pahali pake ndani ya meli paandikwe kwenye mchoro kabla halijatoka kwenye chelezo. Bati likishachanganywa na mengine kwenye lundo halina tena cha kutueleza.

Sasa niingie kwenye ndege zenyewe, kwa maana hapo ndipo watu wanapokata tamaa mapema. Wanasema ndege ya mbao na kitani ya mwaka 1916 haiwezi kuwa imebaki, mchwa na mvua vimekwisha kuila. Kuhusu mbao na kitambaa mara nyingi wana haki. Lakini ndege ya wakati ule ilishikiliwa na vipande vidogo vingi mno vya chuma na shaba: vikazio vya waya, pete za kuunganishia mihimili, bawaba za usukani, vifuniko vya matangi, mabomba ya maji ya kupoza injini, vipimo vya mafuta na mwinuko, mbali na injini yenyewe. Vitu hivi haviozi upesi, ni vidogo vya kutosha kutiwa mfukoni, na vinafaa kwa kazi nyingine. Ndege ilipovunjika au ilipofunguliwa, mbao zilikuwa kuni, lakini kikazio cha waya kiliweza kukaza uzio wa mtu kwa miaka hamsini.

Mwaka jana kijana mmoja wa kuchomelea pale Mwanga aliniita. "Shikamoo mzee, hebu nisaidie, hiki ni cha baiskeli au cha nini?" Mkononi alikuwa na kitu chenye urefu wa kidole cha kati, kimeliwa na kutu upande mmoja na upande mwingine kina rangi ya kijani ya shaba. Kilikuwa kikazio cha waya: pipa dogo la shaba nyeusi lenye tundu katikati, na macho mawili ya chuma yaliyoingia ndani yake kutoka pande mbili, moja likiwa na nyuzi za skrubu za kulia na jingine nyuzi za kushoto, ili pipa likizungushwa, macho yote mawili yavutwe ndani kwa pamoja na waya ukaze. Tundu la katikati ni la kupitishia msumari wa kuzungushia, na kisha waya mwembamba wa kufungia pipa lisijizungushe lenyewe kwa mtetemeko. Kijana alikwisha kuchukua brashi ya waya akisafishe. Nilimwomba asubiri, kwa sababu ndani ya lile tundu, ambamo kidole wala kitambaa hakifiki, kulikuwa na rangi ya kijivu iliyoganda.

Nilikwenda nyumbani kuchukua geji ya nyuzi. Jicho moja lilifunguka kwa mafuta ya taa na subira. Nyuzi zake zilikaa barabara kwenye geji ya Kiingereza, ile ya pembe ya digrii 55, zikakataa geji ya milimita ya pembe ya digrii 60. Kwa hiyo hakikutengenezwa kwa vipimo vya milimita. Lakini hapo hapo fundi mwaminifu anapaswa kujizuia. Baada ya vita Waingereza walitawala hapa kwa zaidi ya miaka 40, na reli, boti, mahema na mitambo yao yote ilifungwa kwa nyuzi hizo hizo. Mimi mwenyewe nimezikata kwenye mashine maisha yangu yote. Kikazio cha waya kinaweza kutoka kwenye bawa la ndege, na kinaweza kutoka kwenye turubai la boti. Kwa hiyo katika daftari hatukuandika kwamba tumepata kipande cha ndege. Tuliandika kikazio cha waya, cha shaba na chuma, nyuzi za Kiingereza, mabaki ya rangi ya kijivu ndani ya tundu, kimechimbwa mchangani Kibirizi wakati wa kuchimba msingi, kina cha goti la mtu. Kijana alikifunga kwenye kitambaa kikavu, na kipo. Siku mtu mwenye michoro ya Short 827 atakapokuja na vipimo, jibu litapatikana kwa dakika chache. Kama kingeng'arishwa kikapendeza, kingebaki pambo la mezani lisiloweza kuthibitishwa kuwa chochote.

Huo ndio utafiti wenyewe, na sehemu kubwa yake haihitaji mitambo ya gharama. Unahitaji rula au kipimo cha venia, kioo cha kukuzia, kamera ya simu, daftari na uvumilivu. Kwenye ndege, karibu kila kipande kiligongwa alama: namba ya mchoro, muhuri wa mkaguzi wa kiwanda, wakati mwingine mshale mpana wa mali ya serikali ya Uingereza. Kwa ndege za vita vya pili vya dunia namba hizo zinasema mengi zaidi. Vipande vya Spitfire za mwanzo, kwa mfano, hubeba namba za michoro zinazoanza na 300, hivyo kipande kisichozidi kiganja kinaweza kutambuliwa na mtu aliye mbali kwa kutumiwa picha moja nzuri. Alama hizi hukaa juu juu ya chuma. Grainda ikipita mara moja zimekwisha.

Nije kwenye suala la kutengeneza upya, ambalo ndilo linalowavutia wengi, na ambalo hata mimi, kwa kuwa nimeishi kwa kutengeneza vitu, moyo wangu unalielekea. Wenzetu waliotangulia katika kazi hii wamejifunza kwamba kutengeneza na kuhifadhi si kitu kimoja, na kwamba mara nyingine kimoja hukiua kingine. Katika makumbusho ya ndege za jeshi la majini la Uingereza, Yeovilton, kuna kiwiliwili cha ndege aina ya Short 184, iliyobuniwa na kampuni ile ile iliyobuni ndege zilizopiga Kigoma, na iliyoruka kwenye vita vya majini vya Jutland tarehe 31 Mei 1916, siku kumi tu kabla ya Behaeghe kuivuka Tanganyika. Imebaki sehemu ya mbele peke yake, nayo ina majeraha kwa sababu ilipatwa na mashambulizi ya mabomu ya mwaka 1940 ikiwa London. Wangeweza kuijengea mkia na mabawa mapya ikapendeza. Wameiacha ilivyo, mbao zilizopasuka zikionekana, na kila anayeisogelea anajua kwamba anachokiona ndicho kile kile kilichokuwa angani siku ile.

Makumbusho hayo hayo yana ndege nyingine, Corsair namba KD431, iliyoundwa Marekani wakati wa vita vya pili. Baada ya vita ilikuwa imepakwa rangi upya. Badala ya kuipaka tena, mafundi waliikwangua rangi ya juu kwa mkono, sehemu ndogo ndogo, kwa miaka kadhaa, hadi wakaifikia rangi ya mwaka 1944 iliyokuwa chini yake pamoja na alama zake za awali. Nawaomba mafundi wenzangu wa Kigoma na Tabora waifikirie kazi hiyo. Ustadi ule haukuwa wa kuongeza kitu. Ulikuwa wa kujua mahali pa kusimamisha mkono, na naamini unazidi ugumu wa kuunda bawa jipya.

Pia kuna mfano wa India unaotufaa zaidi kwa sababu mazingira yake yanafanana na yetu. Katika jumba la watawala wa Bikaner, Rajasthan, yaligunduliwa mabaki ya ndege za DH.9 za vita vya kwanza yakiwa yamehifadhiwa kwenye banda lililokuwa la tembo. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini zilitosha kuwa kielelezo, na vyuma vyake vingi vilikuwa salama. Kutokana na mabaki hayo ndege moja imewekwa kwenye makumbusho ya Duxford, Uingereza, na nyingine imetengenezwa hadi ikaruka tena. Yaani hata mbao iliyotobolewa na mchwa ina kazi: inaonyesha unene, pembe, mahali pa matundu, na aina ya gundi. Ila ndege zile sasa ziko Uingereza. Sisemi hivyo kwa lawama, kwani waliozinunua walizijali wakati wengine hawakuzijali. Nasema ili tujue kwamba kitu kisichoandikwa na wenyeji wake huandikwa na wengine, na huondoka nao.

Kuhusu ziwa letu, kuna jambo ambalo wavuvi wanapaswa kulijua. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hutunza kuliko bahari. Ndege ya Wellington iliyotua kwa dharura katika ziwa la Loch Ness, Scotland, tarehe 31 Desemba 1940 iliibuliwa mwaka 1985 na leo iko kwenye makumbusho ya Brooklands. Ndege ya Halifax iliibuliwa kutoka ziwa Mjøsa, Norway, mwaka 1995 na kutengenezwa Kanada. Nchini Marekani makumi ya ndege za mafunzo ya jeshi la majini yametolewa katika ziwa Michigan, nyingine zikiwa na rangi yake. Lakini ndege ya Kijerumani aina ya Dornier 17 iliyoibuliwa baharini karibu na Uingereza mwaka 2013 ilibidi kunyunyiziwa maji yenye tindikali ya limau kwa muda mrefu kabla chumvi haijatoka kwenye madini yake. Tanganyika ni maji baridi, haina wale minyoo wa baharini wanaotoboa mbao, na kwenye vilindi vyake, ambavyo vinafika karibu mita 1,470, hakuna hewa ya oksijeni. Kitu kilichozama huko kinaweza kuwa katika hali nzuri kuliko tunavyodhani.

Hatari inaanza pale kinapotolewa. Mbao iliyokaa majini miaka 100 imejaa maji ndani ya nyuzinyuzi zake, na maji hayo ndiyo yanayoishikilia. Ikianikwa juani inapasuka na kujikunja kwa siku chache, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Chuma nacho kikikutana na hewa ghafla huanza kumenyeka. Kwa hiyo mvuvi ambaye wavu wake umenasa kitu cha ajabu pale Katonga au Kibirizi afanye mambo mawili: akumbuke mahali aliponasa kwa kulinganisha vilima viwili vya nchi kavu, kama wanavyofanya kila usiku kutafuta kituo chao cha dagaa, na kama kitu kimekwisha kutoka, akiweke ndani ya pipa la maji ya ziwa na kukifunika, wala asikianike. Na kisichotoka kiachwe kilipo. Kuibua kitu bila kuwa na birika la kukitunzia, dawa ya kukaza mbao na mtu wa kuisimamia ni kukiangamiza mbele ya kamera.

Vipande vya vita vya pili vina adui mwingine. Ndege za wakati huo zilikuwa za duralumini, yaani alumini iliyochanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu. Vijana wetu wa mikoa hii waliopelekwa Burma waliziona kwa karibu. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisonga katika bonde la Kabaw, chakula na risasi vyake vilidondoshwa na ndege za Dakota. Nyumba nyingi za Tabora bado zina sanduku la babu aliyetoka vitani. Lakini alumini ndiyo inayotafutwa na wanaoyeyusha na kumimina masufuria, na kwenye tanuri la sufuria hakuna anayesoma namba. Nilishuhudia mzigo wa vipande vya alumini vyenye mistari ya ribiti ukipakiwa kwenye gari katika yadi moja ya skrepa. Niliomba nipige picha kwanza, nikaambiwa gari linachelewa. Mwenye yadi hakuvunja sheria yoyote ninayoijua, na hilo ndilo linaloniumiza.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na mikono ya binadamu kabla ya mwaka 1863. Vitu vya utamaduni kama milango ya nakshi vimewekewa kikomo cha 1940. Kipande cha ndege ya 1916 kinaanguka katikati, mpaka Waziri atumie mamlaka yake kutangaza kitu au mahali kuwa panalindwa. Wakati huohuo mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji unahesabu vitu vilivyozama kwa miaka 100 au zaidi, maana yake vilivyozama Kigoma mwaka 1916 vimetimiza umri huo tangu 2016. Naona umefika wakati kwa wabunge wa Kigoma na Tabora kuomba kwamba mwaka huo wa 1863 uangaliwe upya, au angalau mabaki ya vita viwili vya dunia yatangazwe kuwa kundi linalolindwa. Wasingoje sheria, lakini. Afisa utamaduni wa wilaya anaweza kuanza kesho na daftari moja, na wenye yadi za skrepa, ambao wengi wao ni watu waelewa wakiongeleshwa vizuri, wanaweza kuombwa kuweka kando kwa siku chache kitu chochote chenye namba zilizogongwa, kisha wakalipwa bei ile ile ya kilo.

Kwa wanaosema hayatuhusu, nawaomba wafikirie ni nani aliyebeba vita hivyo. Jeshi la Wabelgiji na la Wajerumani upande huu vyote viliendeshwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, Wanyamwezi, Waha, Wamanyema na watu wa Kongo, na wengi wao walikufa kwa njaa na magonjwa bila majina yao kuandikwa. Bomu lililodondoka bandarini mwaka 1916 halikuchagua kati ya Mjerumani na mchukuzi wa magunia. Mizinga miwili ya manowari ya Wajerumani Königsberg, iliyoangamizwa Rufiji mwaka 1915 huku ndege zikielekeza mizinga ya Waingereza, inatazamwa leo na wageni, mmoja katika Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Kwetu, ambako vita vilipiganwa, mtoto wa shule ya Kigoma hana hata kipande kimoja cha kushika akaambiwa hiki kilipatikana mtaani kwenu.

Nina tahadhari mbili kwa watakaoanza kutafuta. Kitu chochote chenye umbo la bomu au kombora kisiguswe, kisigongwe, kisipimwe. Eneo liachwe na polisi waarifiwe, hata kama kimekaa ardhini miaka mia, kwa sababu baruti ya zamani haizoei kutulia. Na vipimo vya ndege vyenye namba zilizopakwa ile rangi ya kung'aa gizani visifunguliwe wala kukwanguliwa, kwani rangi hiyo ilichanganywa na radiamu, madini yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu baada ya miaka kama 1,600. Vifungwe ndani ya mfuko na Tume ya Nguvu za Atomiki iulizwe.

Kuhusu mahali pa kuvitunza, Kigoma ina makumbusho ya Livingstone pale Ujiji na Tabora ina tembe la Kwihara, na kwa kuanzia kabati moja lenye kufuli na mwenye ufunguo anayejulikana katika mojawapo ya majengo hayo litatosha. Mfano mkubwa wa ndege bandarini unaweza kuja baadaye, na ukija utakuwa bora zaidi kwa sababu waundaji wake watakuwa na vipande halisi vya kupimia. Mimi na yule kijana wa Mwanga tumekwisha kuanza daftari, lenye safu ya kitu, vipimo, alama, mahali kilipopatikana, aliyekipata na picha yake. Tuko tayari kulikabidhi kwa ofisi yoyote ya umma itakayolipokea kwa maandishi, na hadi hapo tutaendelea kuandika.

Wako,

Fundi mstaafu wa karakana ya reli,
Mwanga, Kigoma